Ndizi Kati Yangu na Mkwe

Mume wa binti yangu ni mtu wa Chwele, upande wa Bungoma, na kwao mama wa mke hakai chumba kimoja na mkwe wake. Hampi mkono. Hamwangalii usoni. Akija, wewe unaingia jikoni unakaa huko mpaka aondoke, na kama kuna neno, neno linabebwa na mtu mwingine. Mimi ni Mkikuyu wa Trans-Nzoia, nililetwa huku nikiwa mgongoni mwa mama. Kwetu pia mkwe ana heshima yake, lakini heshima ya kwetu ni pazia, ya kwao ni ukuta wa mawe. Wazee wao waliniambia siku ya mahari, nikakubali, na mimi nikikubali kitu nimekubali. Kwa miaka tisa nilimjua mkwe wangu kwa sauti na kwa viatu. Ningeulizwa na polisi anafanana vipi, ningesema ni viatu namba arobaini na tatu, vyeusi, vya kufunga kamba.

Naandika haya kwa sababu ya Jumamosi moja ambayo ukuta huo nusura uninyang'anye mjukuu.

Mjukuu mwenyewe ni msichana wa miaka saba. Amebeba jina langu. Kwetu mtoto akipewa jina lako, yeye ni wewe, na binti yangu humwita huyo mtoto "mami" kama anavyoniita mimi. Nilijivuna sana. Nilimbeba mpaka kanisani nikamwonyesha kila mtu, hata wale tusiosalimiana. Halafu mwaka ukapita, miwili, mitatu, na yule mtoto hakusema neno. Hakusema "mama", hakusema "hapana". Alikuwa anaruka ruka, anazungusha vifuniko vya sufuria sakafuni, anaangalia vinavyong'aa, na ukimwita kwa jina langu ni kama unaita jirani.

Tulifanya ya watu wote. Tuliombewa. Mama mmoja akasema ana kamba chini ya ulimi, ikatwe. Ikakatwa na wembe, na mimi ndiye niliyemshika kichwa. Hiyo siiandiki zaidi. Alilia kwa sauti, kwa hivyo sauti alikuwa nayo tangu zamani, na mimi nilikuwa nimeisikia kila siku.

Mama ya mkwe wangu, nyanya wa Chwele, yeye alikuwa na maelezo yake. Kwao jina linatoka kwa waliokufa. Mtoto akipewa jina la mtu anayetembea, wawili hao wanagombania uhai mmoja. Aliniambia mwenyewe, mbele ya wanawake waliokuja kuona mtoto, akitabasamu na kikombe cha chai mkononi.

"Nyinyi wawili mumepewa mudomo moja," alisema. "Na wewe umechukua yote."

Wanawake walicheka. Mimi nilicheka pia. Kwa sababu ni kweli, mimi naongea. Marehemu mume wangu alikuwa anasema nikifa watazika mwili Jumamosi na mdomo Jumatatu.

Binti yangu na mumewe wanakaa Bungoma mjini. Yeye anashona nguo, mume ako ofisi ya kaunti. Mtoto alikuja kukaa na mimi hapa Kitale kwa sababu shule ya msingi iliyo karibu nami ina darasa la watoto kama yeye, wanane hivi, na mwalimu msichana mdogo mwenye subira ya ng'ombe. Ni yeye aliyenipa neno usonji. Alisema sio ugonjwa na sio laana, ni vile mtoto ameumbwa. Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini neno hilo nililishika mara moja, kwa sababu lilikuwa neno la kwanza ambalo halikunilaumu.

Halafu mwalimu huyo huyo akanilaumu kwa lingine.

Alikuja nyumbani kuona tunavyoishi. Akakaa kwenye kiti, hakugusa chai, akaangalia. Mtoto akageuka upande wa jikoni, mimi nikampa maji. Mtoto akagusa sikio, nikazima redio. Mtoto akasimama karibu na meza, nikammenyea ndizi. Nilikuwa najisikia mjanja sana. Nilitaka mwalimu aone vile nyanya anamjua mjukuu wake.

"Cucu," mwalimu akasema, kwa sababu hivyo ndivyo watoto wa hapa wanatuita sisi nyanya wa Kikuyu, "tangu nikae, mtoto ameomba nini?"

"Maji. Ndizi. Redio."

"Hajaomba. Wewe umempa."

"Kwani kuna tofauti gani? Si amepata?"

"Wewe ukilala mgonjwa wiki moja, nani atampa?"

Nikachukua chai aliyoiacha, nikainywa mimi. Ni mara chache mtu amewahi kuniuliza kitu nikakosa neno, na huyo alikuwa wa umri wa viatu vyangu.

Akanifundisha. Alipiga picha ya ndizi kwa simu, zile ndogo tamu ambazo mtoto anapenda kuliko kitu chochote, akaichapisha kwenye karatasi ngumu yenye plastiki. Nyuma aliweka kile kitambaa cha viatu vya watoto kinachobandika na kubanduka kwa sauti ya krr. Picha inakaa kwenye kibao. Mtoto akitaka ndizi, anabandua picha, anamwekea mtu mkononi. Huyo mtu hapo hapo anasema "ndizi" na kumpa. Hiyo tu. Nilidhani ni kazi ya dakika moja.

Lakini mwanzoni, alisema, kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa mbele na ndizi. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, na huyo wa nyuma haongei, ni mkono tu. Mtoto akinyoosha mkono kwa ndizi, mkono wa nyuma unashika wake polepole, unaupeleka kwa picha, unamsaidia kuibandua na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Kesho unamsaidia kidogo. Kesho kutwa kidogo zaidi. Mpaka mkono wa nyuma hauna kazi.

"Na wa mbele asimuulize unataka nini," alisema. "Asiseme 'sema ndizi'. Akae tu na ndizi, angoje."

"Kwa nini asiulize?"

"Ukimuuliza, atajifunza kungoja aulizwe. Tunataka aanze yeye."

"Na mimi nitakuwa wa mbele?"

Akaniangalia. "Cucu, wewe unaongea sana. Wewe kaa nyuma."

Basi kila Ijumaa jioni binti yangu akawa anakuja kutoka Bungoma, na Jumamosi anakaa mbele na mimi nyuma. Nilikuwa nauma leso nisiongee. Wiki ya tano mtoto alikuwa anabandua picha mwenyewe, mimi namgusa kiwiko tu. Halafu binti yangu, ambaye ana mimba, akaanza kuona damu, na daktari akamwambia alale, asisafiri hata kwenda sokoni. Wiki tatu hakuja. Shuleni mtoto aliendelea kumpa mwalimu picha. Nyumbani alirudi kwa tabia ya zamani, ananivuta mkono kama anavuta kamba ya ng'ombe. Nilijaribu peke yangu, mbele na nyuma, nikaharibu. Mwalimu alikuwa amesema. Ukifanya peke yako mtoto anaona picha ni ugonjwa wako wewe.

Na hapo ndipo mkwe wangu alipokuja.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Niliona viatu vikipanda ngazi ya mlango, nikaingia jikoni. Mtoto alikuwa sakafuni sebuleni na kifuniko chake. Mkwe akaketi. Akampigia binti yangu, akaweka simu kwa sauti, juu ya stuli iliyo kati ya sebule na jikoni, kama tulivyozoea.

"Mwambie mama nimekuja kuchukua mtoto," akasema.

Simu ikasema, "Mama, anasema amekuja kuchukua mtoto."

"Nimesikia. Muulize anampeleka wapi."

"Anauliza unampeleka wapi."

"Mwambie Chwele, kwa mama yangu. Mambo ya kumbadilisha jina yatafanywa kesho baada ya kanisa. Wazee wameshaitwa. Halafu atakaa huko."

"Mama, anasema..."

"Mimi si kiziwi. Muulize kama huko kuna mwalimu."

"Si mnasikilizana?" binti yangu akasema. "Mimi nimelala hapa kama gunia la mahindi, na nyinyi mmenifanya mlingoti wa simu."

Mkwe alikohoa. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Mtu mwenye hasira anaweza kutulia. Huyu alikuwa ameshatulia.

"Mwambie mama sina ubaya na yeye," akasema. "Mwaka mzima mtoto ako hapa. Hajaomba hata maji. Mwambie ile ya picha niliiona kwa simu yako, ni kama mchezo wa karata. Mama yangu amezeeka, ameniuliza mara tatu. Sina cha kumwambia."

"Mwambie..." nikaanza.

"Mwambieni wenyewe," binti yangu akasema. "Huyo ni mtoto wangu mnayemgawana. Mimi nimechoka." Tukasikia simu ikikatwa. Mkwe akapiga tena. Haikuita. Alikuwa ameizima.

Basi tukabaki. Yeye sebuleni, mimi jikoni, hatua tano kati yetu na hakuna mtu wa kubeba neno. Niliona mkono wake ukichukua mfuko wa shule ulioning'inia mlangoni, ukaanza kuingiza nguo za mtoto zilizokuwa kwenye kamba. Aliingiza hata soksi zangu.

Mtoto akasimama. Akaenda chini ya kabati la ukutani ambamo huwa nafungia ndizi, juu makusudi ili aombe. Akanyoosha mikono. Akaanza ile sauti yake ya puani. Baba yake akaacha mfuko.

"Nini, mama?" akamwambia. "Unataka nini? Maji?" Akampa maji, akasukuma kikombe. Akampa simu, ikaanguka. Akatoa peremende mfukoni, akamwekea mdomoni, ikatemwa. "Unataka nini? Niambie. Sema tu."

Kila alipouliza, sauti ya mtoto ilipanda. Halafu akageukia ukuta akaanza kupiga paji la uso. Du. Du. Wale ambao wamesikia sauti hiyo wanajua. Baba aliweka kiganja chake kati ya paji na ukuta, na mtoto akaendelea kupiga juu ya kiganja.

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na ndizi mkononi. Nilikuwa na kichana kingine huku. Najua mnaona ni jambo rahisi. Mpe mtoto ndizi. Ningetoka, ningempa, angenyamaza, na baba yake angeona kitu kimoja tu, kwamba kuna mwanamke Kitale anayesoma mawazo ya mtoto wake. Halafu angemchukua kwenda Chwele ambako hakuna mtu wa kusoma mawazo, na mtoto angepiga ukuta huko kila siku, na jina jipya juu.

Nikakata ndizi vipande vidogo kwenye sahani. Nikachukua kibao chenye picha. Nikafunika kichwa na leso mpaka puani, nikaingia sebuleni kinyumenyume, matako mbele, ili asinione uso.

Nilisikia kiti kikigonga ukuta. Mtu mzima wa ofisi ya kaunti alikuwa anakimbia. Alifika mlangoni. Lakini mtoto alipiga kichwa tena, bila kiganja sasa, na viatu vikasimama.

Nikakaa chini nyuma ya mjukuu wangu. Nilimzungusha kidogo aangalie mlango. Kupitia chini ya leso nilikuwa naona kisogo chake, kibao mbele yake, na viatu namba arobaini na tatu. Nikasukuma sahani sakafuni mpaka ikagusa kiatu. Sikusema neno. Kwanza ni mwiko, na pili mwalimu alikuwa amenikataza, kwa hivyo siku hiyo nilikatazwa na pande mbili.

Halafu magoti yakashuka, akakaa. Mkono wake ukachukua kipande cha ndizi. Mtoto akanyamaza kama redio iliyozimwa.

"Unataka ndizi?" akasema. "Sema ndizi. Sema, mama. Ndi..."

Mtoto akaanza tena. Nikainua mkono wangu, nikajifunika mdomo juu ya leso, nikakandamiza kwa nguvu. Akaona. Watu wa kwao wamekaa maisha yote wakiongea na wakwe bila kuongea. Mkwe alielewa mara moja kuliko vile binti yangu aliwahi kuelewa. Akanyamaza. Kipande cha ndizi kikabaki hewani.

Mtoto akanyoosha mkono. Nikaushika kutoka nyuma, nikaupeleka kwa picha. Krr. Nikaupeleka mbele. Picha ikatua kwenye kiganja cha baba yake. Na yeye akabaki anaiangalia, anaigeuza, kama amepewa hundi ya benki asiyoijua, na mtoto akapandisha sauti, na mimi nikapiga sakafu kwa ngumi mara moja.

"Ndizi," akasema kwa haraka, akampa.

Mara ya pili alikuwa tayari. Ya tatu pia. Ya nne nilimshika mtoto kiwiko tu. Ya tano nikaweka mikono yangu mapajani, nikakunja vidole. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia kuku nje wakichakura. Mtoto aliangalia ndizi. Aliangalia mkono wa baba. Aligeuza kichwa nusu, ananitafuta mimi nyuma, na mimi nilifumba macho, kwa sababu nikifungua ningemsaidia. Nilihesabu. Kuhesabu najua vizuri. Nilifika kumi na nane ndipo nikasikia krr.

"Ndizi," mkwe akasema. Sauti ilikuwa imebadilika.

Vipande vikaisha. Mtoto akabandua picha, akampa tena. Baba akaonyesha sahani tupu. Akampa tena, akaibandika kwenye kiganja kwa nguvu. Nilitaka kusema kuna zingine jikoni. Neno lilikuwa kwenye meno. Lakini mkwe alikuwa ameshasimama, picha mkononi, mkono wa mtoto kwa mwingine, na viatu vikatoka nje. Akavuta mlango nyuma yake. Nikasikia geti.

Nilikaa pale sakafuni nikiwa na furaha kwa muda wa kukunja leso hivi. Halafu nikaona kwamba sikujua wanaenda wapi.

Mfuko wa nguo ulikuwa hapo kwenye kiti. Nikajiambia, mfuko uko. Halafu nikajiambia, mwanaume akiamua kupanda gari haangalii mfuko, na Chwele kuna nguo. Nikaangalia saa ya ukutani. Wauza ndizi wako kwa njia panda ya posho mill, pale pa kusagia unga, ni mwendo wa dakika tano na miguu ya mtoto. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Nikampigia binti yangu, simu bado imezimwa. Namba ya mkwe sina, ningekuwa nayo ya nini? Nikaosha sahani. Nikaiosha tena. Ilipofika nusu saa nikatoka na ndala, leso kichwani, mlango nikaacha wazi.

Mama wa kwanza wa ndizi ananijua.

"Umeona mjukuu wangu?"

"Si amepita na babake. Amenipa kakaratasi kako na picha. Nikasema haya, huyu ananunua kama mzungu."

"Wakaenda wapi?"

"Huko chini. Stage."

Magoti yangu yana shida yao, lakini siku hiyo yalinyamaza. Stage ya magari ya Bungoma iko chini ya barabara, kabla ya kufika upande wa Kipsongo. Nilikuwa naenda na huku naongea peke yangu kwa Kikuyu, maneno ambayo sitaandika kwa sababu mchungaji husoma. Kwa nini nilimfundisha? Sasa baba amejua kumsikia, sasa hana haja na mimi. Nilimpa ufunguo na mkono wangu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilikuwa nafikiri. Sioni haya kusema. Nilitaka mtoto aongee na watu, lakini nilitaka watu hao waombe ruhusa kwangu.

Nikawaona. Nilisimama nyuma ya magunia ya makaa, ng'ambo ya barabara.

Mkwe alikuwa amebeba ndizi mikono yote miwili, vichana vinne au vitano, kila kimoja cha aina yake, kimoja kimebonyea. Alikuwa amesimama mbali na mtoto, hatua sita hivi, hakumgusa. Nyuma ya mtoto hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa mbele ya mama muuza ndizi aliyekaa kwenye ndoo, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada. Picha iko mkononi mwa mtoto.

"Nini, mrembo?" muuzaji akasema. "Unataka nini? Ongea. Kwani wewe ni bubu?"

Mkwe hakusogea. Alikumbatia vichana vyake tu.

"Hii ni nini unanionyesha? Kadi ya kura? Mimi nishapiga."

Wanawake wa kando wakacheka. Pikipiki ikapita ikipiga honi, na mtoto akaziba sikio moja kwa bega, kwa sababu mkono ulikuwa na picha. Nilijua kinachofuata. Nilijua atakaa chini na kupiga kichwa kwa lami. Niliweka mguu mmoja barabarani. Mkwe aliniona hapo. Hakuniangalia, lakini alitikisa kichwa, mara moja, kidogo. Nikarudisha mguu.

Mtoto akashika mkono wa yule mama. Ulikuwa umefumbwa na sarafu ndani. Akafungua kidole cha kwanza. Akafungua cha pili. Hakuna mtu aliyemfundisha hiyo. Mwalimu hakumfundisha, mimi sikumfundisha. Alifungua vidole vyote, sarafu zikaanguka, akaweka picha katikati ya kiganja, akasimama anangoja.

Yule mama aliiangalia. Akaangalia mtoto. Kicheko kikamtoka usoni.

"Ndizi," akasema. "Ni ndizi unataka, mama? Si hizi hapa." Akang'oa mbili akampa, na wakati mkwe alipotaka kulipa akamwambia, "Weka pesa yako. Huyu ameninunua."

Mkwe akageuka akaangalia ukuta wa duka la mbolea. Aliuangalia muda mrefu, na ule ukuta hauna kitu.

Kondakta wa Bungoma alikuwa amemwona na mizigo. Akaja akamshika mkono wa shati.

"Bungoma, mzee? Gari inatoka. Mko wawili?"

Nilikuwa nimeshika gunia la makaa. Nilipofika nyumbani niliona vidole vyangu vyeusi mpaka kwa kucha.

"Moja," mkwe akasema.

"Na mtoto utaweka wapi, kwa buti?"

"Nimesema moja. Ngoja."

Akavuka barabara na mtoto. Niliona viatu vinakuja, nikawapa mgongo, nikavuta leso. Vilisimama hatua tatu nyuma yangu. Binti yangu hakuwepo, simu haikuwepo. Halafu akaongea kwa sauti ya juu, akimwambia mtoto, ambaye hajawahi kupeleka neno la mtu yeyote maishani mwake.

"Wewe," akasema, "mwambie nyanya yako utabaki hapa mpaka uhitimu hiyo shule. Mwambie mambo ya Chwele nitayabeba mimi, nitawaambia wazee warudi nyumbani kwao. Mama atakasirika. Nitamwambia umeniomba kitu na nimekupa. Mwambie Jumamosi ijayo nitakuja kukaa mbele."

Nilikuwa na maneno mengi, mwaka mzima wa maneno, na miaka minane kabla ya huo.

"Mjukuu wangu," nikasema, nikiangalia makaa, "mwambie baba yako nimesikia. Mwambie akija asiulize mtoto maswali. Na mwambie nyingi ya hizo ndizi alizonunua hazitaiva mpaka Krismasi, wamemuuzia za ng'ombe."

Mjukuu wangu hakumwambia. Alikuwa anakula, ganda limemning'inia kidevuni, anaangalia kioo cha gari kinavyong'aa.

"Mwambie nyanya sawa," mkwe akasema. Akaweka vichana vyote chini, kando ya ndala zangu, akaenda kupanda gari.